Mtii, mtumwa au mnyenyekevu? Neno limenikwama kibandani

Msimulizi wa Base Camp aliuliza:

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Mimi ni vijei. Nasimulia filamu kwa Kiswahili katika kibanda cha video hapa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka wa sita sasa. Wenzetu wa Kampala wanasimulia kwa Kiganda. Huku kwetu watazamaji wengi ni Wakongo na Warundi, na Kiswahili ndicho kinachokusanya benchi zote. Kazi yenyewe mnaijua: sauti ya filamu naipunguza, nashika maiki, nawaambia watu nani kasema nini na kwa nini mwenzake kakasirika. Anayekaa benchi la nyuma hajui Kiingereza. Anachokijua kuhusu filamu ni kile nilichomwambia mimi. Mzigo huo niliuhisi mwezi uliopita kuliko wakati wowote.

Mwenye kibanda aliniletea fleshi yenye Fifty Shades of Grey, ile ya 2015 ambayo bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwaka huohuo. Alitaka iingie saa nne usiku, watu wazima peke yao, na mambo ya kitandani niyaruke. Nilikubali. Niliitazama mara mbili peke yangu kwanza, kama ninavyofanya kwa kila filamu. Kuna tajiri kijana na binti anayemaliza chuo. Tajiri anataka yeye awe mwenye amri na binti awe mtu wa kutii, na anampa mkataba wa kurasa nyingi. Wanakaa mezani, mmoja huku mwingine kule, kama watu wanaouziana kiwanja. Binti anapitia kifungu kwa kifungu: hiki sitaki, hiki futa, hiki nieleze kwanza ni nini. Kuna maneno mawili ya kumzuia mwanamume, manjano na nyekundu, kama taa za barabarani. Mwishoni kabisa binti anasema basi, anaingia kwenye lifti, mlango unajifunga, na filamu imekwisha.

Usiku ule tulipofika pale mezani watu walianza kupiga miluzi, wakitaka matukio. Nikaharakisha. Nilisema tu: "Anamwambia, kuanzia leo wewe ni mtumwa wangu, na msichana amekubali." Mazungumzo yote yale niliyameza kwa sentensi moja, tena ya uongo, maana binti alikuwa hajakubali. Filamu inaisha hajautia mkataba ule sahihi.

Kesho yake nipo kwenye chai, kijana mmoja ninayemfahamu akanishika bega kwa furaha. "Vijei, umeona? Hata wanawake wa Kizungu wanapenda kupigwa. Sasa mke wangu ataelewa." Chai ile niliiacha pale pale.

Dada yangu mkubwa alikaa miaka tisa na mwanamume aliyempangia mpaka njia ya kwenda kisimani. Alikuwa mtii kweli. Ukiingia kwao, kabla hajakujibu salamu, anamtazama mume kwanza kama anaruhusiwa. Hakuna siku aliyowekwa mezani akaulizwa hiki unataka, hiki hutaki. Nimeishi karibu na utii wa namna hiyo, na nilichokiona kwenye ile filamu, pamoja na makosa yake, ni kitu kingine. Ila mimi mwenyewe ndiye niliyevichanganya mbele ya watu themanini.

Kwa hiyo naomba msaada. Kwanza neno. Mtu aliyechagua mwenyewe kuwa chini ya mwenzake, na anaweza kuacha, kwa Kiswahili tumwiteje? Pili, kama kuna anayejua mambo haya katika maisha halisi, nje ya sinema, aniambie filamu zinadanganya wapi. Mwenye kibanda anataka kuirudisha filamu hiyo, na safari hii sitaki kukosea.

---

Somo wa Bombo alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, na la dada yako limenikaa. Mwambie nimemsalimia.

Mimi ni Mnubi wa hapa Bombo, nimefunda maharusi tangu mabinti zangu wakiwa wadogo, na sasa nawafunda wajukuu wa wale wa kwanza. Jirani zetu Waganda wana ssenga, shangazi wa upande wa baba, kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo suala la nani anatii na nani anaamuru ndani ya nyumba ni kazi yangu ya kila wiki.

Neno "mtumwa" liondoe kabisa. Mtumwa hakuulizwa. Wazee walisema hiari yashinda utumwa, na ukiitazama methali hiyo utaona imekwisha kukujibu: hiari iko upande wake, utumwa upande wake. "Mnyenyekevu" nalo silipendi hapo, kwa sababu unyenyekevu ni tabia ya mtu mahali pote, sokoni, msikitini, kwa jirani. Huyo unayemsimulia anaweza kuwa mkali kazini na watu wakamwogopa. "Mtii" peke yake halitoshi, maana askari ni mtii na mtoto ni mtii, na wote wawili hawakuchagua sana. Mimi ningesema "mtii kwa hiari". Na mara ya kwanza simamisha filamu, uwaeleze hiari ni nini. Ukiwaeleza mara moja, zinazofuata utasema neno tu.

Halafu lipo jambo la magoti, ambalo kwa Uganda huwezi kulikwepa. Nina binti niliyemfunda, aliolewa kwa Waganda kule Luweero. Akarudi kwangu baada ya miezi miwili: "Mama, kila asubuhi nampigia magoti nikimsalimia. Sasa ananiambia, kama goti unapiga, kwa nini hili unakataa?" Unaona alivyochukua adabu ya watu akaigeuza hati ya kukabidhiwa mtu. Buganda goti ni salamu. Katikkiro mwenyewe, waziri mkuu wa Buganda, mtu mzima mwenye ofisi, anapiga magoti mbele ya Kabaka, mfalme wake, na hakuna anayedhani amejitoa afanywe lolote. Nilimwambia binti yule aendelee kusalimia kama anavyosalimiwa mkwe, na lile jambo jingine alikatae mchana kweupe, mbele ya ssenga wa mumewe. Alilikataa, na ssenga alisimama naye.

Watu wa kibandani kwako wakiona kwenye skrini mwanamke anapiga magoti, kila mmoja anaona kwao. Wa Masaka anaona salamu. Mkongo anaona labda kanisa. Kama hukuwaambia kwamba yule wa kwenye filamu walikubaliana naye jana yake, watajaza wenyewe, na watajaza kwa yale waliyoyaona kwa baba zao.

Na filamu zinadanganya hapa: mwanamume mwenye amri siku zote ni mzuri, anajua kurusha helikopta, nyumba yake ni vioo vitupu. Amri ikitoka kwa mtu wa hivyo inasikika kama mapenzi. Mimi naletewa wanawake ambao amri hizohizo wanapewa katika chumba kimoja cha kupanga, na mwanamume hajaacha pesa ya posho. Maneno ni yaleyale, mwanangu. Filamu imeyavalisha tu suti.

---

Dada wa Entebbe alijibu:

Kaka msimulizi, nimeandika jibu hili nikalifuta mara tatu. Naandika kwa sababu ya yule kijana wa chai.

Mimi na mume wangu tunaishi hivyo, mwaka wa kumi na moja. Ndani ya mipaka tuliyoiandika, mwenye amri ni mimi na mtii kwa hiari ni yeye. (Mama wa Bombo, asante kwa neno. Miaka yote hii tulikuwa hatuna la Kiswahili.) Yeye ni fundi mitambo, ana watu kumi na wawili chini yake na wanamheshimu. Ya chumbani sitayasema, ni yetu. Ila yanayozunguka nje yake nitayasema, kwa sababu hayo ndiyo sinema haiyaonyeshi.

Tulianza tukiwa Manchester, mimi nikiuguza wazee. Kule tulikutana na watu wazima wa kawaida tu, mwalimu, dereva wa basi, wanaokutana kwenye mgahawa mchana, wamevaa nguo zao za kazini, wanaongea. Ndicho nilichokiona kwa miezi: kuongea. Wana kauli yao iliyotoka New York mwaka 1983, kwa Kiswahili ni kama salama, akili timamu, ridhaa. Niliyoyategemea kuyaona kwa sababu ya filamu hayakuwepo.

Sisi tuna daftari la shule la kurasa 96. Upande wa kushoto yale ambayo ni sawa, upande wa kulia yale ambayo hapana, na katikati yale ya kuulizana kwanza. Kila baada ya miezi mitatu tunalifungua. Mwaka jana alihamisha mambo mawili kutoka kushoto kwenda kulia, na sikumuuliza sababu mpaka alipotaka kunieleza mwenyewe. Nikiwa nimekunywa hata bia moja, hakuna kitu. Akitoka msibani, hakuna kitu. Tukiwa tumegombana kuhusu pesa, hakuna kitu, na hapo ndipo nilipojifunza nidhamu, kwa sababu mtu mwenye hasira hutamani sana kuamuru. Neno letu la kusimamisha ni "kinyonga". Nyumbani kwetu hakuna anayelitaja bure.

Sasa nikuambie kosa langu, maana filamu haziligusi kabisa. Kwenye filamu mtu akisema neno, kila kitu kinasimama, na asiposema maana yake yuko sawa. Mwaka wetu wa pili mume wangu aliumia na hakusema. Alitaka kunifurahisha, halafu akafika mahali ambapo maneno hayatoki, ananyamaza tu. Nikachukua ukimya wake kama sawa. Nilipowasha taa nikaona uso wake, na uso ule ninao mpaka leo. Tuliacha miezi miwili. Tuliporudi tuliongeza jambo: anashika funguo za nyumba mkononi. Zikidondoka, nimesimama, sihitaji neno. Na baadaye tunakaa. Namletea chai ya tangawizi, blanketi, tunakaa hata saa nzima bila kufanya lolote. Kesho yake namuuliza tena, kwa sababu mtu anaweza kuwa sawa usiku na asubuhi akawa mzito. Hiyo kesho yake sijaiona kwenye filamu hata moja.

Waeleze pia watu wako kwamba mwenye kutii ndiye anayechora mpaka. Mimi natembea ndani ya mpaka aliochora yeye. Sinema inaonyesha kinyume: mwanamume ana matamanio, mwanamke ana uvumilivu.

Jambo la mwisho. Filamu ile inasema yule tajiri amekuwa hivyo kwa sababu aliteswa utotoni, kama vile ni ugonjwa na mapenzi ya binti ndiyo dawa. Mimi nilikulia kwa wazazi waliopendana, hapa hapa Entebbe. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, haihesabu kuwa ni ugonjwa, kwa lenyewe tu, jambo ambalo watu wazima wamekubaliana. Iliyobakiza ni la mtu anayemfanyia mwenzake asiyeridhia. Huyo ndiye yule wa dada yako, kaka, na siwezi kukaa naye meza moja.

---

Boda wa Mbarara alijibu:

Kwa heshima zote kwa mama na dada. Mimi nauliza: kwa nini ionyeshwe kabisa? Ninabeba wanawake saa saba usiku, wengine hawana viatu, wanakimbilia kwa ndugu zao. Nyumba ambazo hata kusalimiana ni vita, leo unazipelekea filamu ya kuamrishana, halafu unasema tutaeleza vizuri. Wangapi watakumbuka maelezo? Msimulizi, una filamu za mpira, za vita, za vichekesho. Chagua hizo. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa niliyoyaona.

---

Msaidizi wa sheria, Mbale alijibu:

Ndugu wa Mbarara ana haki ya kuogopa, na mimi kazini nakutana na wanawake haohao anaowabeba. Lakini kijana wa chai hakuanza kumpiga mkewe kwa sababu ya filamu. Alikuwa anatafuta ushahidi, akaupata kwenye sentensi moja ya msimulizi. Sentensi ikinyooka, ushahidi huo hana.

Niongeze la sheria, kwa kuwa dada wa Entebbe ameweka wazi ya kwao. Uganda tuna Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010. Haikuishia kwenye kupiga. Inagusa ukatili wa maneno, wa kisaikolojia na wa kiuchumi, yaani kumnyima mtu pesa ili asiweze kusogea. Malalamiko yanaweza kuanzia kwenye korti ya LC, yaani baraza la mtaa, ya kijiji, polisi, au kwa hakimu, na hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi. Na dada, hili ulijue: sheria hiyo inasema ridhaa ya aliyeumizwa si utetezi kwa aliyeshtakiwa. Si sisi peke yetu. Uingereza, mwaka 1993, majaji wa House of Lords, mahakama yao ya juu kabisa wakati ule, katika kesi ya R v Brown walikataa rufaa za watu wazima waliotiwa hatiani kwa sababu ya majeraha, ingawa walikuwa wamekubaliana wote. Kwenye filamu mkataba unaonekana kama unamaliza kila kitu. Mahakamani karatasi ile haina nguvu hiyo. Inawasaidia nyinyi wawili kuelewana, basi.

Sasa lifti. Msimulizi, umeitaja kwa haraka, na kwangu ndiyo sehemu kubwa kuliko zote. Yule binti anasema basi, anabonyeza kitufe, anashuka. Hana mtoto mgongoni. Hakuna anayemdai ng'ombe. Huku Mashariki nimekaa na wanawake walioambiwa na baba zao wenyewe, "ukirudi, ng'ombe watano nitawatoa wapi?" Amri ya mume ilikuwa na uzito kwa sababu ya wale ng'ombe. MIFUMI, shirika la Tororo, lilipeleka suala hilo mahakamani, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikasema kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Ni mwaka uleule wa filamu yako. Februari dunia nzima ilitazama mwanamke akiondoka kwa lifti. Hapa ilibidi tungoje mpaka Agosti ili mwanamke aweze kuondoka bila kudaiwa ng'ombe, na vijijini bado wapo wanaodai kana kwamba hukumu haikutolewa.

Mimi nikitaka kujua kama utii fulani ni wa hiari, siulizi walikubaliana nini. Nauliza: akitaka kuondoka kesho asubuhi, atalala wapi?

---

Msimulizi wa Base Camp alijibu:

Nimerudi. Nimewasoma wote, Boda wa Mbarara nimekusoma zaidi ya wote, na nilikaribia kuiacha. Jumamosi tuliirudia.

Kabla ya kuwasha nilisimama mbele na maiki nikasema: "Mara ya kwanza niliwadanganya. Nilisema msichana amekubali kuwa mtumwa. Hakukubali, wala si mtumwa." Kibanda kilinyamaza, hawajazoea vijei kusema hivyo. Nikawaeleza mtii kwa hiari, kama mama wa Bombo alivyosema, na methali ile. Wazee wawili wa Uvira waliimalizia kabla yangu.

Tulipofika mezani miluzi ikaanza tena. Nikasema nitasimulia kila kifungu, na asiyetaka anaweza kutoka akanunue chapati. Walitoka kama kumi. Waliobaki waliinama mbele kwenye benchi. Nilisimulia: hiki amefuta, hiki amekataa, hiki ameuliza maana yake. Nilipofika kwenye manjano na nyekundu, kuna mwanamume aliuliza kwa sauti, "Na yeye tajiri anatii?" Nikamjibu, anatakiwa. Akasema, "Basi mwenye amri ni yule msichana." Dada wa Entebbe, huyo hajasoma jibu lako, amelifikia mwenyewe. Nikawaambia pia la ukimya na la funguo. Sikusema nimelitoa wapi.

Kwenye lifti nilisimamisha picha. Nikawaambia tazameni, hana mtoto, hadaiwi ng'ombe, ana chumba anachopanga na rafiki yake. Hapo mwanamke mmoja wa benchi la nyuma, amejifunika kitenge mpaka kichwani, akauliza: "Na huku, mtu akisema nyekundu na mume asisikie, anakwenda kwa nani?" Jenereta lilikuwa linanguruma nje na watu wote wamegeuka kumtazama. Nilimwambia mwenyekiti wa RWC, yaani baraza la wakimbizi, nikamwambia polisi wa kambi, nikamwambia ile sheria ya 2010. Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Filamu ilipoisha nilimtafuta mlangoni, alikuwa amekwisha kuondoka.

Yule kijana wa chai hakuja usiku ule. Nitamfuata mwenyewe, najua anapofanyia kazi.

Msaidizi wa sheria, nina ombi. Kama unayo karatasi yoyote ya Kiswahili inayoeleza mtu aanzie wapi, nitumie. Mwenye kibanda amekubali niibandike mlangoni, pale wanapolipia, kwa ndani, ili mtu aisome akiwa kwenye foleni bila kuonekana kwamba anaisoma.